Kefa Kala Asali ya Kwao Masha

Vita vilikuwa vimeisha, sukari bado ya kutafutwa, na sisi wa kibao cha kahawa hapa Kisauni tulikuwa na neno moja la kugombania: msitu wa Sokoke, uliofungwa na Serikali. Masha, tuliyemwita Chifu kwa majivuno yake, kazaliwa ukingoni mwa msitu ule, na mamake yuko huko hadi leo. Lakini aliyetoka kuingia ndani ni Kefa, mtu wa bara, kuli wa Changamwe, aliyekodiwa kuwashikia mnyororo wapima mipaka. Alirudi jana. Wivu ulitukaba sote, na mimi simo nje.

Kefa: Ndugu zangu, mle mchana ni kama jioni. Nimeona kinyama cha pua ndefu, matako yote rangi ya dhahabu!

Masha: Gutsanje huyo. Nimewakimbiza tangu sina suruali. Waja kunisimulia kwetu?

Gona, tuliyemwita Redio kwa kuwa hanyamazi, akadakia.

Gona: Basi ndiyo sababu ya kufungwa. Chini mna dhahabu, na mnyama kaikalia.

Kefa: Hapana. Tuliambiwa wapasua mbao walikuwa wanaimaliza mibambakofi. Ndipo mpaka ukawekwa.

Mwinyihaji, muuza kahawa mwenye dele, akacheka.

Mwinyihaji: Wallahi umedanganywa. Mle wamefichwa Wataliano waliotekwa vitani, walishwa makaroni.

Gona: Wataliano si kitu! Mna meli ya Wajerumani, ile ya kupiga mbizi. Ndovu ndio walioivuta. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Mimi: Kibaba cha nini, Redio?

Gona: Cha makaroni.

Masha hakucheka.

Masha: Mzinga wa nyuki wa marehemu baba umo mle. Mimi nikiingia nashikwa. Huyu aingia kwa mshahara!

Kefa: Mzinga upo, Chifu. Mamako alinionyesha mti wenyewe. Alisema mzee hakuruhusu mtu kuukata, hata kabla ya Serikali. Akanipa asali, akaniita mwanangu.

Masha: Alikuita nani?

Kefa: Mwanangu. Akanituma nikuambie...

Masha: Usiniambie! Asali yetu umekula, kibao chetu umekalia, na mama yangu wamtaka pia?

Gona: Taratibu, Chifu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Masha: Mwenyeji hajapona! Ondoka, Kefa!

Kefa akaweka kikombe chini, akatuaga kwa adabu, akashika njia ya daraja la Nyali. Nyoyo zetu zikapoa. Mimi nilisogea nikakaa pale pake, na palikuwa pazuri.

Ndipo akapita Kache, mpangaji mpya wa nyumba ya pili, debe la maji kichwani. Akasimama kutusalimu kama ilivyo ada.

Kache: Hamjambo? Kaka Masha, nasikia kwenu ni Sokoke. Mama hajambo?

Jibu la salamu hiyo hata mtoto analijua. Lakini tangu kabla ya vita Masha hajatia mguu kwao. Alimtazama Gona, Gona akanitazama mimi, mimi nikamtazama Mwinyihaji, naye akainamia dele lake.

Kache: Kwani hajambo au?

Masha aliinuka, kahawa akaiacha nusu, akatoka mbio kuelekea darajani akiita, “Kefa! Bwana Kefa! Ningoje!”