Faini ya Ndege wa Asali

ABUDO: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

KASIMO: Ungeijua usingepokea.

ABUDO: Mjomba Kasimo? Shikamoo, mjomba. Kumbe ni—

KASIMO: Simu ya mwenye duka. Yangu ukiona jina unaiacha iite mpaka ichoke. Na hiyo shikamoo iweke mfukoni, sikupiga ili nisalimiwe.

ABUDO: Hata habari za nyumbani nisiulize?

KASIMO: Njia ya nyumbani unaijua. Ungekuja, ukauliza.

ABUDO: Sauti inakwama, mjomba. Maneno mengine yanateleza.

KASIMO: Mtandao. Nimesimama juu ya kichuguu nyuma ya msikiti, siafu wananipanda miguuni, kwa hiyo nisikilize. Siku kumi na moja, Abudo.

ABUDO: Siku kumi na moja za nini?

KASIMO: Naingia porini, naita, sego haji. Ndege wa asali anayeonyesha walipo nyuki, yuleyule aliyewalisha babu zako, anakaa juu ya tawi ananitazama kama mtoza kodi. Halafu anaruka, anakwenda zake. Kumi na moja. Mvua ziko njiani, msimu unakwisha, na kibuyu changu cha asali kimefungwa utando na buibui.

ABUDO: Pole sana, mjomba. Pengine ukame wa mwaka—

KASIMO: Ukame hauna kisanduku cha kupazia sauti. Wewe unacho.

ABUDO: Aa. Ndicho ulichopigia.

KASIMO: Ndicho nilichopigia. Mmewaharibu ndege. Wewe na profesa wako.

[Mtandao unakwaruza.]

ABUDO: —hakuna ndege aliyeharibiwa, mjomba. Tulifanya majaribio. Ulikubali mwenyewe. Ulikaa kwenye kigoda, ukaita mbele ya mashine, ukacheka.

KASIMO: Nilikubali unirekodi. Sikukubali utembee na sauti yangu porini kama mtu anayetembeza mbuzi wa kukodi.

ABUDO: Lakini ndiyo kazi yenyewe. Bila hivyo tungejuaje?

KASIMO: Mjue nini?

ABUDO: Kwamba ndege anaujua mwito. Tulipiga sauti tatu. Mwito wako, sauti ya mtu anayetaja jina lake tu, na mlio wa hua. Kwa mwito wako ndege alikuja akaongoza mara nyingi kuliko kwa zile mbili nyingine. Tena huko Tanzania Wahadza wanapiga mluzi, na ndege wa kule wanaufuata mluzi. Wa huku kwetu wanafuata huu wetu. Maana yake wanajifunza lugha ya watu wa mahali pao. Dunia nzima inalizungumza jambo hili, mjomba. Ni ugunduzi.

KASIMO: Hilo nilikuwa nalijua kabla sijaota ndevu.

ABUDO: Kujua ni kitu kimoja, kuthibitisha ni kingine.

KASIMO: Babu yako alithibitisha kwa tumbo. Watoto tisa, hakuna aliyelala njaa.

ABUDO: Profesa hawezi kuandika tumbo la babu.

KASIMO: Lakini mimi ameniandika. Unakumbuka kile kikaratasi ulichomwachia mama yako? Nimekisoma.

ABUDO: Kiko kwa Kireno, mjomba.

KASIMO: Na mimi nilisoma wapi Kireno, kwenye kichaka? Baada ya uhuru nilipasua kuni mchana, usiku nikakaa darasani na taa ya mafuta, miaka mitatu, nikiwa na wake wawili. Nimekisoma mara mbili. Jina lako limo. La profesa limo. Hata la yule dereva wenu limo chini, anashukuriwa. Mimi ni nani humo?

ABUDO: Ni utaratibu, watu wanaorekodiwa hawatajwi, ni kwa ajili ya—

KASIMO: Mimi ni nani humo, Abudo?

ABUDO: Mtu wa Saba.

KASIMO: Mtu wa Saba. Mimi, mkubwa wa nyumba ya mama yako. Niliyekulipia madaftari. Dereva ana jina, mimi nina namba kama ng'ombe wa mnada.

ABUDO: Mjomba, ningebishana na hilo, lakini nina kazi hapa mezani—

KASIMO: Usikate. Ukikata nitapiga kwa simu ya imamu.

ABUDO: Sikati.

KASIMO: Nijibu kitu kimoja. Mlipokuwa mnatembea na kisanduku, ndege akaja, akatangulia. Mlimfuata?

ABUDO: Tulimfuata.

KASIMO: Mpaka kwenye nyuki?

ABUDO: Mara nyingine.

KASIMO: Na mara nyingine?

ABUDO: Kulikuwa na muda uliopangwa. Dakika kumi na tano. Zikiisha tunaandika, tunageuka.

KASIMO: Mnageuka.

ABUDO: Ndiyo utaratibu wa—

KASIMO: Ndege yuko mbele, anatikisa mlio wake wa kiberiti kooni, anakwambia njoo, nyuki hawa hapa, na wewe unatazama saa unageuka?

ABUDO: Ilibidi kila safari iwe sawa na nyingine, vinginevyo hesabu—

KASIMO: Hakuna shoka lililopigwa. Hakuna sega lililotolewa. Hakuna nta iliyolazwa juu ya majani mabichi ale na yeye. Kwa sauti yangu. Mara ngapi?

ABUDO: Mjomba.

KASIMO: Wewe ni mtu wa kuthibitisha. Mara ngapi?

ABUDO: Kumi na tisa.

[Upepo kwenye simu.]

KASIMO: Mara kumi na tisa ndege amenisikia mimi nikimwahidi chakula, na mara kumi na tisa nimemdanganya. Mimi, si wewe. Yeye hajui kama kuna Abudo duniani.

ABUDO: Sikuliangalia hivyo.

KASIMO: Ungeliangaliaje, na macho yalikuwa kwenye saa? Sasa kuna faini.

ABUDO: Faini ipi?

KASIMO: Ya sego. Ijumaa unakuja hapa. Unaingia porini na mimi, kila siku, mpaka mvua ya kwanza. Wewe unatangulia, unaita kwa mdomo wako, si kwa betri. Mimi nafuata nyuma na shoka na kienge cha moto. Kila sega la kwanza ni la ndege.

ABUDO: Ijumaa hii? Haiwezekani.

KASIMO: Sikuuliza kama inawezekana.

ABUDO: Jumanne nasafiri kwenda Maputo. Kuna mkutano wa wanasayansi, watu wanatoka nchi kumi na nne. Mimi ndiye nitasimama kueleza. Mimi, mjomba, si profesa. Miaka miwili nimeisubiri siku hiyo. Nimeshona hata suti.

KASIMO: Itavaliwa harusini.

ABUDO: Wewe unaona mchezo.

KASIMO: Naona mpwa wangu anakwenda kusimama mbele ya wageni kuwaeleza mwito wa ukoo wake, na yeye mwenyewe hajaita ndege hata mmoja tangu aote ndevu.

ABUDO: Nilikuwa shuleni. Nani alinipeleka shuleni?

KASIMO: Mimi. Na leo nakutoa.

ABUDO: Huwezi kunitoa. Nina miaka thelathini na minne. [Mtandao unakwaruza.] —na tuseme ukweli. Nta hatukutoa, hapo umenishika, nakubali. Lakini ndege hawajaharibika. Jana tu Rashidi wa ng'ambo ya mto amenitumia ujumbe. Ametoa asali miti mitatu kwa siku moja. Juzi, miwili. Ndege walewale, pori lilelile.

KASIMO: Rashidi ni mwongo.

ABUDO: Ametuma na picha.

KASIMO: Picha nayo ni mwongo.

ABUDO: Majaribio tulifanya pande zote za mto. Kama ndege wangekuwa wamekasirika, wangemkasirikia na yeye. Kwa nini wanakupita wewe peke yako?

[Kasimo anasikika akikung'uta siafu miguuni.]

ABUDO: Mjomba? Nakuuliza swali la kisayansi. Wanasikia nini kwako ambacho hawakitaki?

KASIMO: Usinifanye mimi kisanduku chako.

ABUDO: Basi ita. Ita sasa hivi, nisikie.

KASIMO: Simu si pori.

ABUDO: Umenitukana dakika kumi, sasa unashindwa kuita mara moja? Ita, mjomba. Nikisikia ni uleule wa siku zote, ninapanda gari la Ijumaa na suti naichoma moto.

[Pumzi inavutwa.]

KASIMO: Bff— fff— hm.

ABUDO: Sikusikia vizuri.

KASIMO: Fff— bf— [Anakohoa.] Mtandao mbaya huu.

ABUDO: Mtandao umetulia, mjomba. Nasikia mpaka jogoo wa imamu. Ile malaria ya mwezi wa sita. Mama alisema ulilala siku tisa.

KASIMO: Ilikuwa malaria.

ABUDO: Alisema siku hizi uji unakumwagikia upande wa kushoto.

KASIMO: Mama yako ana mdomo mrefu.

ABUDO: Hospitali ulikwenda?

KASIMO: Nimekupigia kuhusu ndege. Ukitaka kuzungumza habari za uji mpigie dada yangu, mpikiane.

ABUDO: Kwa nini usitoke na Rashidi hadi msimu uishe? Aite yeye, mgawane.

KASIMO: Rashidi? Niliyemfundisha kuwasha kienge, leo nitembee nyuma yake nikimwangalia kisogo? Na mwito wake ni wa kwao. Huu ni wa mama zetu, hauazimwi nyumba ya pili. Afadhali buibui akae na kibuyu. Haya, umenyamaza. Ulikuwa na maneno mengi sasa hivi.

ABUDO: Nafikiri.

KASIMO: Fikiri haraka, salio la mtu hili. Faini yangu iko palepale. Mmeharibu ndege, mtawatengeneza.

ABUDO: Mpaka mvua ya kwanza?

KASIMO: Mpaka mvua ya kwanza. Ikichelewa, ni shauri lako na Mungu.

ABUDO: Unajua ninachokiacha? Watampa mtu mwingine nafasi. Kuna kijana mmoja wa Beira, hajawahi hata kumuona sego kwa macho, yeye ndiye atasimama pale kueleza kazi yangu.

KASIMO: Basi nchi kumi na nne zitadanganywa vizuri. Wewe utakuwa hapa.

ABUDO: Una roho ngumu, mjomba. Sijaona mfano.

KASIMO: Ndiyo iliyokusomesha.

ABUDO: Nakuja. Lakini sikiliza vizuri. Nakuja kulipa faini kwa sababu ya nta ya mara kumi na tisa. Siji kwa kitu kingine.

KASIMO: Kitu gani kingine?

ABUDO: Hakuna.

KASIMO: Nani amesema kuna kitu kingine?

ABUDO: Hakuna aliyesema.

KASIMO: Nilidhani. Kuita kwenyewe unajua?

ABUDO: Nimeusikiliza ule mwito wako labda mara elfu.

KASIMO: Hata mbuzi wa imamu anaisikiliza adhana. Ita.

ABUDO: Hapa? Niko ofisini, kuna watu.

KASIMO: Wageni wa nchi kumi na nne huogopi, unaogopa makarani wawili?

ABUDO: [Kwa sauti ya chini.] Brr-hm.

KASIMO: Huyo ni mzee anayekoroma. Ndege gani atamfuata mtu aliyelala?

ABUDO: Brrr—hm.

KASIMO: Sasa ni pikipiki isiyotaka kuwaka. Mwanzo unautetemesha midomoni, mwisho unaubana puani. Wewe unafanya vyote kooni.

ABUDO: Nitajifunza kwa ile niliyorekodi. Imo humu kwenye simu, ya mwaka juzi, safi kabisa.

KASIMO: Hutajifunza kwa chuma. Nitakufundisha mimi.

ABUDO: Utanifundishaje, na wewe mwenyewe hu—

[Mlio mfupi: salio linakaribia kwisha.]

ABUDO: Mjomba, samahani. Sikuwa na maana hiyo.

KASIMO: Kwa fimbo.

ABUDO: Nini?

KASIMO: Umeuliza nitakufundishaje. Kwa fimbo. Utatangulia, nitafuata nyuma. Ukikosea nakugonga bega. Ukipatia, hutasikia kitu.

ABUDO: [Anapumua.] Sawa.

KASIMO: Sawa nini?

ABUDO: Sawa, mjomba. Bega ninalo.

[Mlio mfupi tena.]

KASIMO: Ita mara ya mwisho, simu ya mtu inakata. Simama. Umekaa?

ABUDO: Nimekaa.

KASIMO: Mwito hauitwi umekaa. Simama, legeza midomo, acha habari ya makarani.

[Kiti kinasukumwa.]

ABUDO: Brrrrrr—hm.

[Kimya.]

ABUDO: Mjomba? Umenisikia?

[Kimya. Laini bado iko hewani. Jogoo anasikika kwa mbali.]

ABUDO: Mjomba Kasimo?

KASIMO: Ijumaa. Usichel—

[Simu inakatika.]