Fimbo Alizotupa Mwenyekiti

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa klabu yetu na bingwa wetu wa miaka mingi; mwalimu wetu wa gofu; wanaklabu wenzetu; mabibi na mabwana: shikamooni.

MAKARIBISHO

Mzee wetu, sisi wanakikundi cha wanaoanza gofu tumefurahi kukuona umeketi. Kwa kawaida tunakuona ukipita kwa mbali. Mkono mmoja tunakupungia, na mwingine tunakuonyesha mpira wetu ulikoelekea, ili upate muda wa kuinama. Leo umeketi, chai iko mbele yako, na sisi tumesimama upande wa mlango. Karibu sana.

HISTORIA YA KIKUNDI

Kikundi hiki kilizaliwa na maneno yako mwenyewe, uliposema mkutanoni kwamba gofu si ya wakubwa peke yao. Maneno hayo yalimfikia fundi cherehani anayeshona sare za klabu, ndiye huyu anayekusomea risala.

Fundi ana shemeji yake, dereva wa basi aliyestaafu, mume wa marehemu dada yake. Tangu dada atutoke, shemeji alikuwa hatoki ndani. Alikaa kwenye kiti kilekile sebuleni, redio inasema, na ukimuuliza inasema nini, hajui. Siku moja fundi akamwambia, "Shemeji, twende uwanjani ukanibebee mfuko."

Akajibu, "Nimebeba abiria maisha yangu yote, leo nibebe fimbo?"

Lakini alivaa viatu. Baadaye wakaja mwokaji mikate na muuguzi wa zahanati, na kikundi kikawa kikundi.

Vifaa vilikuwepo tayari. Kabla hata shemeji hajaitwa uwanjani, wewe, Mwenyekiti, ulikuwa umetupa fimbo zako za chuma, zile ulizochukulia kombe. Tunamaanisha ulitupatia, si kwamba ulizitupa. Ingawa baada ya wiki chache tulianza kujiuliza.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, fimbo zako ni nzuri kuzitazama. Zinang'aa, ni nyembamba, na uso wake ni mdogo kama kiganja cha mtoto. Ukipiga katikati ya uso huo, mpira unakwenda unakotaka. Sisi tulikuwa tunapiga kisigino cha fimbo, tunapiga ncha yake, na mara nyingi tunapiga dunia. Mpira ulitambaa kwenye nyasi kama unatafuta kitu ulichodondosha. Na kila tulipokosea, chuma kilitetemeka mpaka mabegani.

Muuguzi alitufunga vidole, mwokaji akasema heri tanuri. Fundi naye alirudi nyumbani asubuhi moja ya baridi, mikono imekufa ganzi, akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Vidole ndivyo vinavyomlisha, kwa hiyo akaacha kuja. Na fundi alipoacha, shemeji akarudi kwenye kiti chake na redio yake.

Hapo ndipo tulipoogopa. Kukosa mpira tumezoea. Kumkosa mtu ni jambo jingine.

Mwalimu wa gofu akaenda nyumbani kwao, nasi tukamfuata. Fundi akamwambia wazi, "Mwalimu, sisi hatuna kipaji."

Mwalimu akasema, "Kipaji tutakitafuta baadaye. Kwanza nani aliwachagulia fimbo?"

Muuguzi akasema, "Tulipewa zawadi na Mwenyekiti."

Mwalimu akanywa maji kwanza. Kisha akatueleza kwamba fimbo hizo hazina ubaya wowote, ila zimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayepiga katikati kila mara, anayetaka kuupinda mpira kulia au kushoto kwa makusudi. "Ninyi mnaupinda bila makusudi," akasema. Anayeanza anahitaji fimbo yenye kichwa kikubwa, uso mpana, na kitako kinene chenye uzito chini, ili akikosea kidogo mpira uinuke hivyohivyo. Anayeendelea ana zake, za katikati. Bingwa ana zake. Na mtu hachagui kwa kutazama fimbo za jirani. Anapiga mipira, mwalimu anatazama, ndipo anachagua.

MAFANIKIO

Akatuazima fimbo pana kutoka stoo yake. Si maridadi, Mwenyekiti, hatutakudanganya. Zimekaa kama miko ya kusongea. Fundi alipiga kwa fimbo ya namba saba, hakupiga katikati, tulisikia wote. Lakini mpira uliinuka. Akakunja na kukunjua vidole, akasema, "Haviumi."

Shemeji aliomba ajaribu. Wake ulipaa ukavuka mtaro, naye akabaki ameinua uso mpaka ulipotua. Kisha akasema taratibu, "Huyo abiria ameshuka kituo chake." Akacheka. Fundi hakuwa amesikia kicheko hicho tangu msiba.

Wewe ulitokea wakati huohuo, ukampa mkono, ukasema, "Unaona? Nilijua fimbo zangu zina baraka." Shemeji alifungua mdomo akueleze, simu yako ikaita, ukaondoka umefurahi. Tukasema tutakueleza siku ukikaa.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba ruhusa yako ili fimbo za kombe zihifadhiwe kwa heshima ukumbini, karibu na kombe lenyewe, na sisi tuendelee na miko hii.

Pili, atakayejiunga nasi asipewe fimbo kabla ya kupimwa na mwalimu, hata kama mtoaji ni mtu tunayempenda sana.

La tatu ni la kifamilia. Mzee, tangu ununue seti yako mpya, nyembamba kuliko hata ya zamani, tunakuona ukisugua kiwiko. Mpira wako nao umeanza kutupitia karibu na magoti. Mwalimu anazo fimbo za katikati zinazokufaa. Njoo uzijaribu Jumamosi. Hakuna atakayekutazama, sote tutakuwa kwenye majani tunatafuta mipira yetu.

HITIMISHO

Shemeji aliisikia risala hii jana tukiipitia. Akasema tumekutania vya kutosha, na akaomba tuongeze maneno yake bila kuyabadilisha:

"Mwambieni Mwenyekiti kwamba siku ya kwanza sikuwa na sababu ya kutoka nyumbani. Shemeji yangu aliniambia kuna mtu ametoa fimbo zake za kombe, amewapa watu asiowajua. Nikataka kumwona mtu huyo. Ndiyo maana nilivaa viatu."

Mungu akupe afya, akutunzie kiwiko, na aijalie nyumba yako furaha uliyoileta katika nyumba zetu.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Wanaoanza Gofu