Sifuri na Alama ya Kutoa

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu mliopo ndani, na majirani wote mliotufuata hapa Mlali, mimi ni Halidi Salum, mdogo wake marehemu kwa baba na mama, familia imenipa karatasi hii niwasomee, na mtanisamehe nikisoma harakaharaka, sababu nitaisema kabla sijakaa.

Marehemu Stambuli Salum Mosi alizaliwa hapahapa Mlali tarehe 4 Machi 1967, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, na kwenye hesabu alikuwa moto, mwalimu akichelewa yeye ndiye aliyeshika chaki, na jambo hilo la hesabu mlikumbuke, litarudi. Mwaka 1988 alihamia Mikese, akafungua kibanda cha kuziba pancha kando ya barabara kuu, kazi aliyoifanya hadi Jumapili iliyopita. Tarehe 16 Juni 1994 alifunga ndoa na Bi. Mwajabu, wakajaliwa mtoto mmoja, Nasra, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1997, ambaye leo hamumuoni hapa.

Mwezi Mei 2009 basi lilipinduka karibu na kibanda chake, akasaidia kuwafikisha majeruhi hospitali mjini, huko wakaomba watu wa kutoa damu, akatoa, baadaye akapewa kadi. Kadi ilikuwa na herufi O na kistari pembeni, na huyu mtu wa hesabu akasoma sifuri na alama ya kutoa, akarudi kwa nesi amenuna, akidai wamemkausha mpaka amebaki chini ya sifuri, ikabidi aelezwe kwamba hilo ni kundi lake la damu, O hasi, ni adimu, linaweza kumsaidia karibu kila mgonjwa, ila mwenye nalo hapokei jingine. Tulimcheka mwaka mzima, tukamwita Sifuri, naye akasema hakukosea kusoma, alama ni ya kutoa, basi atatoa, na tangu hapo ilikuwa nadra miezi mitano ipite hajafunga kibanda akaenda, mara arobaini na moja kwa hesabu yake mwenyewe, na kila dereva aliyemletea pancha aliulizwa kama ni mzima wa afya, kisha akaulizwa anakwenda lini kutoa damu, kwa maana tairi la spea hulijazi upepo ukiwa umeshakwama porini.

Mwezi Februari mwaka huu walimpima, wakamkatalia kutoa kwa kuwa presha ilikuwa juu, wakamwambia aanze kliniki, akaenda mara mbili akaacha, tukamgombeza, hakusikia. Jumapili tarehe 10 Agosti 2025 alianguka kibandani kwa kiharusi, akafariki Jumanne tarehe 12, saa moja asubuhi. Tangu jana nasikia minong'ono hapahapa msibani kwamba damu ilimwishia kwa kutoatoa, si kweli, na inaniuma, daktari ametueleza kilichomuua ni presha, na walioiona mapema ni hao hao wa damu.

Sasa Nasra. Amelazwa mjini, mjamzito wa miezi minane, kondo la nyuma limeziba njia, anapasuliwa kesho saa tatu asubuhi, na kundi lake ni la baba yake. Zinatakiwa chupa mbili ziwe tayari, ipo moja, na damu ikishatolewa hupimwa kwanza, kwa hiyo ya kesho itakuwa imechelewa. Miaka yote ikikosekana hiyo, simu iliita Mikese.

Jana mchana nami nilipimwa, kadi yangu imeandikwa kama yake. Nesi akanionyesha kitanda, nikasema nina msiba, nikaondoka. Msiba ulikuwepo kweli, lakini kilichonitoa pale ni sindano, mtu mzima wa miaka hamsini na tatu, nimetembea na damu hiyo umri wangu wote na sijatoa hata tone.

Tunawashukuru madaktari na manesi, majirani wa Mikese, mafundi wenzake, na Bwana Bhavesh wa duka la vipuri, aliyetupa gari lile mnaloliona limegeuzwa kuelekea barabarani. Tukitoka makaburini linakwenda hospitali moja kwa moja, na mwenye miaka kumi na minane hadi sitini na mitano, mwenye kilo hamsini na zaidi, mzima wa afya, naomba apande, hata kama kundi lako silo, wodi zile zina watoto wa wengine, na usiishie leo, mwanamume arudi baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne.

Mwenyezi Mungu amrehemu. Kaka Sifuri, pumzika kwa amani, kadi yako namwachia Bi. Mwajabu, yangu ninayo mfukoni, na alama ni ileile, bado naogopa, lakini nikishakufukia nakwenda.