Chuo Kinachofundisha Kusema Sijui

Benchi letu liko nje ya duka la donati, hapa Kitchener, Kanada, likitazama maegesho ambako rundo la mwisho la theluji linayeyuka kwa jua la Aprili. Spana ni fundi mitambo mstaafu wa kiwanda cha matairi. Jina lake ni Wendell Brubacher, ila hata mkewe anamwita Spana. Redio ni Bi Lorna, mama ambaye habari ya mtaa ikimpita hapati usingizi. Koleo, yaani Amadeu, alikuwa akiendesha gari la kuzoa theluji barabarani. Mimi niliendesha basi, kwa hiyo wananiita Dereva. Kahawa yetu ni mbili-mbili, krimu mbili na sukari mbili, na kwa kawaida huwa haipoi. Asubuhi hiyo ilipoa. Mjukuu wake Spana, Marlys, mwanafunzi wa uhandisi aliyepelekwa na chuo kufanya kazi kwenye kampuni ya pampu, alikuwa ameitwa na bosi wake saa tatu kamili, na babu yake aliishika simu bila kuiweka chini.

REDIO: Hebu rudia, Spana, polepole. Kasemaje huyo mtoto?

SPANA: Ni jana, mkutanoni. Bosi kamaliza kuisifia pampu yake. Mteja akamgeukia Marlys: "Pampu hii itaiweza baridi ya Januari?" Mtoto akajibu: "Sijui. Hatujaipima kwenye baridi. Ijumaa nitakuletea jibu."

KOLEO: Mbele ya mteja?

SPANA: Mbele ya mteja na bosi.

KOLEO: Basi kibarua kimeota nyasi.

SPANA: Unafikiri kwa nini hii donati sijaigusa?

MIMI: Kwani nani kamtuma aseme hivyo?

SPANA: Chuo.

Tukamwangalia kama mtu aliyepatwa na homa. Ikabidi atueleze.

SPANA: Si mnajua wanavyokwenda hawa? Miezi minne darasani, miezi minne kazini, wanarudi tena darasani. Sasa akiwa huko kazini, jioni anafungua kompyuta anasoma masomo mengine kabisa. Namna ya kumwandikia mkubwa wako. Namna ya kukosolewa bila kununa. Namna ya kumwambia bosi kuwa hapo amekosea. Na lipo somo zima la kusema "sijui" ukiwa hujui.

REDIO: Wanatahiniwa?

SPANA: Wanatahiniwa, na ukifeli unarudia.

Nakiri nilipigwa na butwaa. Mimi nilidhani chuo ni mahali mtu anakwenda ili asiseme neno hilo tena maishani. Kumbe kuna mwalimu anaamka asubuhi, anakunywa chai, anakwenda kulifundisha.

KOLEO: Mimi nimesukuma theluji ya mji huu ujana wangu wote, na hakuna aliyenifundisha hata kumsalimia mtu.

REDIO: Inaonekana.

SPANA: Lipo na somo la kuacha kuomba samahani ovyo.

REDIO: Hilo nchi hii tutafeli sote. Koleo, si wewe juzi uligongwa na toroli hapo sokoni ukaliomba radhi?

KOLEO: Lilikuwa na mwenyewe.

REDIO: Lilikuwa peke yake, mzee. Mimi nilikuwepo.

SPANA: Nyie mnacheka, mtoto wa watu yuko ofisini huko. Wakimwandikia ripoti mbaya, muhula ujao nani atamchukua?

Kicheko kikakatika. Lakini benchi letu halijui kukaa na hofu muda mrefu, na Redio akaanza kuifanyia kazi ile habari.

REDIO: Mimi nishaelewa. Hawa wote wanaandaliwa kuwa mabosi. Miaka kumi ijayo hakutakuwa na wa kuamrishwa.

KOLEO: Wewe unaona karibu. Mimi namwona mtabiri wa hali ya hewa kwenye televisheni. Anasimama mbele ya ramani, anasema, "Ya kesho siijui." Na siku hiyo nitamwamini.

MIMI: Na daktari je?

KOLEO: Daktari naye. Wa benki naye.

REDIO: Nendeni mpaka Ottawa. Waziri anaulizwa swali bungeni, anasimama, anafunga kifungo cha koti: "Mheshimiwa, sijui." Chama chake kinapiga meza, na wapinzani nao wanapiga meza.

KOLEO: Saa nne bunge limekwisha, kila mtu kwake.

MIMI: Vita visingekuwepo.

Hilo lilinitoka tu, lakini hakuna aliyelicheka. Tulikaa tukiutazama mji kana kwamba tayari umeshabadilika. Watoto wa miaka ishirini wangeweza kuubadilisha hivyo, na sisi tulikuwa tukiwaita wavivu.

Ndipo gari dogo likaingia kwenye maegesho, Marlys akashuka na viatu vyake vya kazi vyenye chuma mbele. Spana alisimama nusu, akakaa tena. Hakuthubutu kuuliza. Redio aliuliza.

REDIO: Mwanangu, wamekufukuza?

MARLYS: Hapana. Ila bosi amenikasirikia, na ana haki. Nilipaswa kumwambia yeye kwanza, kabla ya mkutano, kwamba hatujaipima. Nikamuuliza, siku nyingine nifanyeje?

KOLEO: Ulimuuliza yeye? Akiwa na hasira?

MARLYS: Ndiyo. Akaniambia hajawahi kuulizwa hivyo na mtu. Sasa hivi pampu iko kwenye chumba cha baridi. Nimetumwa kahawa, wananisubiri.

SPANA: Na itaiweza baridi?

MARLYS: Bado hatujui, Babu.

Alilisema kama mtu anavyotaja siku ya wiki. Spana alishusha pumzi ndefu, akamega donati yake kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa na unyevu ambao hakujaribu kuuficha. Marlys akaketi ukingoni mwa benchi huku akisubiri kahawa zake.

MARLYS: Babu, nyie kule kiwandani, mtu akipewa mashine mpya asiyoijua, alikuwa anasemaje?

SPANA: Alikuwa anasema, "Naijua."

Kisha akautazama mkono wake wa kushoto, ule usio na vidole viwili, ambao tangu tumjue hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza ulipatwa na nini. Marlys naye akautazama. Dukani waliita kwamba kahawa ziko tayari, wakaita tena, lakini Marlys alikuwa ameushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili na hakuinuka.