Maneno ya Kumwambia Mkuu wa Ofisi

Mwaka ule wa 1971, Mouzdalifa alikuwa mpiga chapa wa ofisi moja mjini Moroni. Asubuhi moja alipanda teksi Ntsoudjini moyo ukiwa mzito. Jioni dada yake angetiwa hina, na mkuu wake Mfaransa alikuwa na mazoea ya kumletea kazi za wengine saa ya kufunga.

Mbele yake makarani wawili, waliojuana humohumo garini, walikuwa wakijadili jinsi ya kumkatalia mkuu kazi ya ziada.

“Mimi humwambia, naam bwana, ila fulani anaiweza zaidi,” alisema Kamardine, kijana wa Mutsamudu.

“Huko ni kumtwika mwenzio,” akajibu mzee Tadjiddine. “Mimi hukohoa mpaka anihurumie.” Akakohoa kuonyesha, na kweli alikiweza kikohozi. Kisha akageuka. “Na wewe mwanangu, ungesemaje?”

Mouzdalifa akasogea mbele. “Ningesema, leo siwezi bwana, dada yangu anaolewa. Kesho nitaanza na hiyo.”

“Wazi hivyo? Atachukia,” alisema Kamardine.

“Kwani harusi ni jambo la kufichwa?” mzee akamrukia.

Teksi ikasimama mtaa wa Magoudjou, mjini Moroni. Mouzdalifa alishuka akitabasamu. Maneno yalikwishatoka kinywani mara moja, na hayakumchoma ulimi; jioni angeyarudia mbele ya mkuu. Nyuma yake ubishi uliendelea, na dereva akalazimika kuufunga mlango mwenyewe.