Mama Ngazi na Ving'ora vya Jikoni

Baada ya miaka thelathini na moja ya kupanda na kushuka, fundi wetu wa ving'ora vya joto anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba. Jina lake kamili limo kwenye cheti atakachokabidhiwa. Sisi wa karakana tunamwita Mama Ngazi, na ukimwita vinginevyo huenda asigeuke.

Alianza kama mtunza stoo. Mafundi wakirudi jioni kurudisha drili na mabaki ya waya, aliwauliza maswali mpaka wakamchoka, hadi msimamizi wa wakati ule akaona heri ampeleke mafunzoni ili watu wapumue. Alirudi na cheti pamoja na ngazi yake mwenyewe ya mbao, ambayo hadi leo haiguswi. Aliyewahi kuiazima bila ruhusa yumo humu ukumbini, na ameketi mbali naye.

Kwa wageni wetu: king'ora cha joto hufungwa kwenye dari la jikoni na kuunganishwa na umeme wa nyumba, huku betri ikikaa ndani kusubiri siku umeme ukikatika. Moshi wa vitunguu hakina habari nao. Hulia joto likizidi.

Siku zake za mwanzo alivurunda. Katika nyumba moja aliunga king'ora kwenye waya wa taa unaopitia swichi, kwa hiyo kila taa ya jikoni ilipozimwa, king'ora nacho kilikosa umeme. Kikabaki kula betri, na ilipokaribia kuisha kikaanza kulia pii, pii. Familia ilihamisha kabati, meza na magunia ikitafuta kifaranga. Mama Ngazi alirudi, akasema wazi kwamba kosa ni lake, akarekebisha, kisha akasaidia kurudisha kabati. Tangu hapo haondoki kwenye nyumba ya mtu kabla ya kuzima taa ya jikoni na kusimama gizani kimya, akitazama kitaa cha kijani cha king'ora. Kikiendelea kuwaka, umeme unafika. Wenye nyumba wengi hudhani anasali.

Lakini anayetaka kumjua hasa asikie habari ya bibi mmoja, fundi cherehani wa zamani, aliyekuwa na tabia ya kusahau sufuria jikoni. Mwanawe, dereva wa lori anayeishi nyumba ya uani, alimwekea king'ora cha moshi cha betri. Kikawa kinapiga kelele kila akikaanga kitunguu, hadi bibi akang'oa betri na kuitia kwenye redio yake. Dereva akanunua kufuli, akaapa kulifunga jiko na kumletea mama yake chakula kwenye hotpoti. Bibi aliona ameambiwa kwamba yeye si mwenye nyumba tena. Tulipomtuma Mama Ngazi kukikagua king'ora kile, bibi alilia mbele yake, na Mama Ngazi, ambaye machozi yake hayako mbali, akalia naye. Kisha akazima swichi kuu, akapanda ngazi.

Alifunga king'ora cha joto jikoni na kingine chumbani kwa dereva, akaviunganisha kwa waya ili kimoja kikilia, cha pili kiitikie. Akamwomba bibi akaange vitunguu mpaka moshi utande. Kimya. Dereva akanung'unika kwamba kitu chenyewe kibovu. "Baba, hebu kajilaze kidogo," Mama Ngazi akamwambia. Alipojilaza tu, Mama Ngazi akabonyeza kitufe cha majaribio cha king'ora cha jikoni. Dereva alitoka mbio na kiatu kimoja. Akakubali, shingo upande, kuiweka kufuli kando.

Miezi michache baadaye bibi aliacha mafuta motoni akaenda kuanua nguo, jirani akamshika kwa soga. Ving'ora vikalia pande zote mbili. Dereva, aliyekuwa amelala baada ya safari, akawahi kuzima jiko, na kilichoharibika ni sufuria tu. Tulidhani sasa kufuli itafanya kazi yake. Badala yake alipiga simu ofisini kumshukuru Mama Ngazi, akasema sasa yeye anaweza kulala na mama yake anaweza kupika.

Mama Ngazi, ahsante kwa kutufundisha kazi, na kwa kutuonyesha kwamba fundi akikosea hurudi. Tutakukumbuka sana, wala hatuoni aibu kusema hivyo. Uishi salama na wajukuu wako, ukae chini sasa, ngazi wapande wengine.

Na wageni, karibuni mezani. Chakula cha leo kimepikwa na bibi yule, jikoni kwake, na aliyekibeba hadi hapa ni mwanawe. Ile kufuli siku hizi inafunga banda la kuku.