Theodori Ligazio, Aliyekataa Kunisemea Uongo

Marehemu Theodori Ligazio alizaliwa Mahenge tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa mzee Polycarp na mama Ursula. Wazazi walihamia Namawala kulima mpunga, na huko alimaliza darasa la saba mwaka 1976. Hesabu zilimshinda, na aliagiza hilo lisemwe.

Mwaka 1983 aliajiriwa kuwa fundi mitambo katika kiwanda cha sukari, Kidatu. Alifanya kazi na Bwana Bandara, mhandisi Mbuddha kutoka Sri Lanka, ambaye kila asubuhi alikariri ahadi zake tano: kutoua kiumbe, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutokunywa kileo. Marehemu alizishika zote, na misa hakuiacha. Ile ya kwanza ilituchekesha. Bonde zima tunapiga mbu, yeye aliwapuliza tu, kisha akaingia kwenye chandarua mapema kuliko kuku.

Alifunga ndoa na Balbina hapa Ifakara tarehe 22 Agosti 1987. Balbina anasema kero yake ilikuwa moja: ukimuuliza kama mboga imezidi chumvi, anakujibu.

Ahadi ya nne ndiyo iliyotufarakanisha. Mwaka 2016 mimi Wiliam, mdogo wake, nilimshtaki jirani yangu mama Febronia kwenye baraza la kata, nikidai amekula shamba langu. Nikamwita kaka awe shahidi wangu. Akasimama, akasema, "Tuta la mpaka lilikuwa pale anapoonyesha mama Febronia." Nikashindwa. Kwa miaka minane sikumwamkia, na Namawala nzima niliitangazia kwamba kaka ameniuza.

Mwaka 2024 figo zake zilianza kushindwa kazi. Desemba aliniita nyumbani kwake, Lipangalala.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Wasifu wangu utausoma wewe."

"Si watoto wako wapo?"

"Hao watanipamba. Wewe una hasira na mimi, hutawadanganya watu."

Nililia. Nikamwambia, "Tuta nililisogeza mimi, kaka."

"Najua. Nilikuwa nangoja uniambie." Kisha akamwomba Balbina atupakulie wali, tukala sahani moja.

Alifariki tarehe 9 Februari 2025, hospitalini hapa Ifakara, usingizini, bila maumivu. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Ameacha mjane, watoto wawili, Eveline na Lukelo, wajukuu wanne, na mdogo wake mmoja.

Mama Febronia, nisamehe. Ndugu wa Namawala, yale niliyowatangazia nayafuta mbele ya jeneza lake: kaka hakuniuza. Leo moyo wangu ni mwepesi. Pumzika kwa amani, kaka, wasifu wako nimeusoma kama ulivyotaka.